Aliyeona Ukuta Anyooshe Mkono

9 Januari

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo. Tumefungua shule wiki iliyopita, na hapa nyumbani sote tuko salama. Jicho la kushoto la Bibi bado lina ukungu. Anasema siku hizi watu anawatambua kwa vikohozi vyao. Mama amepata kazi ya kushona sare thelathini za wanafunzi, kwa hiyo nyumba nzima imejaa nyuzi, na jana tulitoa uzi wa buluu ndani ya mboga. Bibi anakusalimu sana na anauliza kama kule kambini unakula au unatafuna lami.

Mjomba, nashukuru kwa kunichukua kwenye safari ile. Najua ulikuwa na haraka ya kufikisha vipuri kambini, na najua hukufurahi rejeta ya gari ilipochemka katikati ya pori. Lakini mimi nafurahi ilichemka. Isingechemka usingenituma kutafuta maji, na nisingekiona kile kisima na kuta zile.

Kila siku nayafikiria magofu yale. Nimeyachora kwenye daftari ili nisisahau: vyumba saba, kuta mbili ndefu zinazonipita kimo, kisima kilichojengwa kwa mawe mpaka chini, na ngazi tano ambazo zimelika upande wa kulia tu. Nimejiuliza kwa nini upande mmoja. Labda upande wa kushoto palikuwa na kitu, mtungi au mtu aliyependa kukaa hapo, na wapita njia wakawa wanamkwepa.

Nilimwonyesha mwalimu wa Historia mchoro wangu. Alisema magofu kama hayo ni mali ya watu wote na sheria inayalinda, lakini sheria haiwezi kulinda kitu ambacho haijaambiwa kipo. Basi nimeiambia. Juzi niliiandikia barua ofisi ya mambo ya kale, kwa mtindo wa barua rasmi tuliofundishwa darasani. Nimefanya hivyo kwa sababu niliona kigingi chekundu namba 114 karibu sana na ukuta, nikaogopa kwamba barabara yenu itapita juu yake.

Tafadhali ukipita huko, yatazame kwa niaba yangu.

Mpwa wako.


28 Januari

Mpwa wangu, mkaguzi mkuu wa visima na kuta,

Marahaba. Mwambie Bibi lami hailiki, nimeshaijaribu, inakwama kwenye meno. Mwambie Mama namwonea wivu kwa kufanya kazi amekaa kivulini. Mimi mgongo wangu umekuwa kama tipa lenyewe, kila ninapoinama kitu fulani kinalia.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Wewe mtoto nilikutuma maji ya rejeta, ukarudi na mji mzima, na maji yenyewe ukayasahau. Sasa umeuandikia na barua.

Ungeniuliza kwanza. Vile vigingi vyekundu si vya barabara. Ni vya njia ya muda, ya magari ya kazi. Barabara yenyewe inapita hatua mia mbili upande wa pili wa kichaka kinachoficha kuta zako, na kichaka chenyewe hakuna aliyeagizwa kukifyeka. Kule ndani haingii mtu. Mimi napita hapo kila siku na tipa na nisingejua kama si rejeta.

Bibi yako tangu tukiwa wadogo alikuwa akituambia: aliyelala usimwamshe, ukimwamsha utalala wewe. Mwulize.

Lakini haidhuru. Barua za ofisini huwa zinakaa kwenye mafaili mpaka zinaota ndevu. Soma vitabu vyako. Nikipata nafasi nitapita nikasalimie kuta zako.

Mjomba wako.


20 Februari

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo. Nilimsomea Bibi barua yako kwa sauti, akacheka mpaka akashika mbavu hapo penye maneno ya lami. Kuhusu methali, amekubali ni yake, lakini anasema alikuwa anawaambia kuhusu mbwa wa jirani. Mama amemaliza sare ishirini na mbili. Mimi katika jaribio la Historia nimekuwa wa pili.

Naomba radhi kwa kutokukuuliza. Sikujua tofauti ya vigingi. Hata hivyo nadhani ni heri waambiwe, kwa sababu leo hakuna aliyeagizwa kufyeka kichaka, lakini kesho anaweza kuagizwa. Mwalimu wa Historia ameniunga mkono.

Usiwe na wasiwasi kwamba barua yangu itaota ndevu. Niliiandika kwa uangalifu sana. Ili wasidhani ni upuuzi wa mtoto, nilieleza kwamba mawe ni mengi mno, yamechongwa mraba, na hayajapasuka. Ili wasiogope safari, nilieleza kwamba ardhi ni ngumu, na hata gari kubwa linafika mpaka ukutani bila kukwama. Niliambatanisha ramani kutoka kigingi namba 114, na hatua zote nilizihesabu. Wewe sikukutaja, niliandika tu kwamba tulikuwa "mimi na mtu mzima mmoja". Na mwishoni niliweka nakala, kama tulivyofundishwa: nakala moja kwa mwalimu mkuu, na nakala moja kwa injinia wa barabara, ili naye ajue mahali palipo na asipaguse.

Mwalimu wa Kiswahili aliisahihisha kabla sijaituma, akanipa tisa kwa kumi. Moja aliikata kwa sababu nilirefusha maelezo.

Je, kuna watu wowote wamefika?

Mpwa wako.


2 Aprili

Mpwa wangu,

Marahaba. Samahani nimechelewa. Huku mvua zilishika, magari yakawa yanalala njiani, na mtu anayepeleka barua mjini aliugua. Nimefurahi umekuwa wa pili. Huyo wa kwanza ana mjomba dereva kweli?

Umeuliza kama watu wamefika. Ndiyo, watu wamefika.

Jicho la Bibi msiliache hivyo hivyo. Mpelekeni hospitali kabla mvua hazijarudi. Mwambie nimepata buti mpya.

Mjomba wako.


19 Aprili

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo. Barua yako ilikuwa fupi lakini niliruka nayo mpaka Bibi akauliza kama nimekanyaga kaa la moto. Wamefika! Nilijua watafika. Nilikwenda kumwambia mwalimu wa Historia akiwa bado anakunywa chai.

Nina maswali mengi, unijibu unayoweza. Je, ni wataalamu wangapi? Mwalimu anasema hutumia brashi ndogo, ndogo kuliko mswaki, na kila jiwe hulihesabu na kuliandika kabla ya kuligusa. Je, umewaona wakihesabu? Wameshuka kisimani? Wamesema ni ya miaka mingapi?

Mjomba, nimebakiza habari kubwa. Mwalimu mkuu amekubali darasa letu lije kuyaona mwezi wa Agosti. Tutakuwa wanafunzi arobaini na mmoja na walimu wawili. Nimechaguliwa kuwa mwelekezi, na nimeanza kujifunza kusema kwa sauti bila kutetemeka. Nasimama mbele ya cherehani ya Mama nasema, "Hapa ndipo palipokuwa mlango." Bibi ananijibu kutoka kitandani, "Basi ufunge, baridi inaingia."

Naomba uniulizie tukifika tupite upande gani.

Bibi tumempeleka hospitali. Wamesema jicho litapasuliwa, ila foleni ni ndefu.

Mpwa wako.


30 Juni

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo. Sijapata jibu la barua ya Aprili, na ile ya Mei pia. Huenda mpeleka barua ameugua tena. Mama anasema dereva wa kampuni yenu alipita dukani akamwambia hujambo, na kwamba barabara inakwenda kasi kuliko walivyotarajia. Kwa hiyo tunajua uko mzima.

Nakuandikia kwa sababu ya safari. Mwalimu mkuu anataka kujua tukifika tutapokewa na nani. Kama unawaona wale wataalamu, waulize tu jina la kiongozi wao. Hata wasipokuwa na nafasi ya kutupokea, tutasimama mbali.

Mpwa wako.


11 Julai

Mpwa wangu,

Marahaba. Barua zako zote nimezipata. Mpeleka barua ni mzima.

Darasa lisije. Mwambie mwalimu mkuu njia ni mbovu, madaraja hayajakaa sawa, basi linaweza kuanguka. Huo ni ukweli pia. Wapelekeni mahali pengine, watoto wanapenda kuona kiwanda cha biskuti.

Yale mawe yameondolewa. Injinia alibadilisha njia kidogo na ikabidi yatoke. Ndivyo ilivyo kwenye kazi hizi, leo njia huku, kesho kule. Wewe hukuwa na la kufanya, na mimi sikuwa na la kufanya. Usilie sana. Mtu mwenye akili kama yako ataona magofu mengi, hata ng'ambo.

Nimempa dereva anayekuja huko dawa ya mgongo ya Mama. Msalimie Bibi.

Mjomba wako.


26 Julai

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo. Bibi hajambo, bado yuko kwenye foleni. Mama anashukuru kwa dawa.

Barua yako ilipofika nililia, kisha nikajipa moyo kwamba wataalamu walitangulia, na kwamba sasa kila jiwe limeandikwa mahali na limehifadhiwa. Ulikuwa umeniambia watu wamefika. Nilimwambia mwalimu wa Historia hivyo, na yeye akasema inawezekana.

Jumatatu asubuhi, kwenye paredi, mwalimu mkuu aliniita mbele ya shule nzima. Alikuwa na barua kutoka ofisi ya injinia wa barabara. Aliisoma kwa sauti. Nitakuandikia maneno yake kama yalivyo, maana baadaye aliniruhusu kuinakili: "Ofisi inamshukuru mwanafunzi huyu kwa kutuonyesha mawe ya kujengea yaliyo karibu na njia ya magari, ambayo yametuepusha na safari ya kilomita arobaini kwenda machimboni. Maelezo na ramani yake vilitosheleza. Vijana wa namna hii ndio wanaoijenga nchi."

Wanafunzi wakaambiwa wanipigie makofi matatu. Wakapiga. Mwalimu mkuu alikuwa anatabasamu kwa dhati, hajatambua kwamba mawe hayo ndiyo magofu tuliyopanga kwenda kuyaona. Mwalimu wa Historia alikuwa amesimama nyuma ya mlingoti wa bendera, na yeye hakupiga.

Mjomba, kwa hiyo injinia hakubadilisha njia. Alipata nakala yangu. Barabara ingepita hatua mia mbili mbali, kama ulivyoniambia, na kichaka kingebaki kichaka.

Nimeisoma tena barua yangu. Nilimwambia mawe ni mengi. Nilimwambia ni ya mraba, hayajapasuka, na gari kubwa linafika mpaka ukutani. Sijui kama kuna neno hata moja ambalo halikumsaidia.

Nina swali moja tu, na kama huna muda unijibu kwa mstari mmoja. Tipa lako lilikuwemo?

Mpwa wako.


20 Agosti

Mpwa wangu,

Marahaba. Lilikuwemo. Huo ndio mstari mmoja. Mengine yanayofuata usimsomee Bibi.

Nimekaa na barua yako wiki tatu. Nimeandika nikachana, nikaandika nikachana, mpaka mwenzangu ninayelala naye chumba kimoja akauliza kama natafuta mchumba.

Ilikuwa mwishoni mwa Februari. Foromeni, msimamizi wetu, alikuja asubuhi na karatasi mkononi. Nikaijua kwa mbali, kwa jinsi unavyopigia mstari kichwa cha barua kwa rula. Akauliza, "Nani anapajua kigingi mia na kumi na nne, kuna kisima?" Nikakaa kimya. Nilidhani wote tukikaa kimya yatakwisha. Hayakwisha. Ramani yako ilikuwa inajieleza yenyewe. Walihesabu hatua zako wakatokea ukutani.

Siku ya kwanza tulibeba yaliyokuwa yameanguka. Siku ya pili ikaja buldoza. Kuta zile hazikuanguka upesi, kama ungependa kujua. Ukuta mrefu ulisukumwa mara nne. Ngazi zilitoka moja moja. Kisima kilijazwa udongo kwa sababu foromeni aliogopa gari litatumbukia. Siku kumi na moja tukamaliza. Mimi nilikwenda safari thelathini na saba. Mawe hayo hayakuhifadhiwa popote. Yalisagwa, yakamwagwa, yakashindiliwa, na juu yake ni lami.

Nilipokuandikia kwamba watu wamefika, nilijua utaelewa nini. Niliacha uelewe hivyo.

Sasa sikiliza lingine. Mwezi uliopita ofisi ya mambo ya kale wameamka. Wamepiga simu kwa injinia kuuliza. Injinia amewajibu palikuwa na lundo la mawe tu, mawe ya mtu aliyesafisha shamba zamani. Kisha foromeni akatupanga mstari madereva wote, kumi na wanne. Akasema, "Aliyeona ukuta anyooshe mkono."

Kila mtu akatazama viatu vya mwenzake. Mzee wa greda akanong'ona, "Mimi ukuta nimeuona mmoja tu, wa jela." Watu wakacheka. Mimi pia nilicheka, mpwa wangu. Mkono wangu ulikuwa mfukoni.

Kazi hii unajua niliisubiri miaka mitatu, nikilala sebuleni kwenu na kukunja mkeka kabla wateja wa Mama hawajafika. Sisemi hivyo ili unihurumie. Nasema ili ujue nilikuwa nafikiria nini mkono ulipokuwa mfukoni.

Hapa nimeandika yote kwa mkono wangu. Palikuwa na ukuta. Palikuwa na vyumba saba na kisima na ngazi tano. Wakija kukuuliza na ukaona inafaa, wape karatasi hii. Watanifukuza, na nitarudi kwenye mkeka wangu, basi. Sitakulaumu hata kwa jicho.

Mjomba wako.


15 Oktoba

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo. Jicho la Bibi limepasuliwa salama. Jambo la kwanza alilosema bandeji ilipofunguliwa ni kwamba Mama amezeeka, na Mama amenuna mpaka leo. Sare zimekwisha, sasa anashona mapazia. Mimi katika Historia nimekuwa wa kwanza, lakini sikufurahi nilivyodhani ningefurahi.

Mtaalamu amekuja. Ni mmoja tu, mzee kidogo, ana mkoba wa ngozi na viatu safi. Alikuwa na barua yangu ya Januari. Ilikuwa imegongwa muhuri wa kupokelewa tangu tarehe kumi na tano ya mwezi ule. Alituchukua kwenye gari lake, mimi na mwalimu wa Historia, tukapita kwenye barabara yenu. Ni barabara nzuri, Mjomba. Gari halikurushwa hata mara moja. Nilikuwa nimekaa nikiwa nimekunja miguu juu ya kiti, mpaka mwalimu akaniuliza kama naumwa.

Pale hapana kitu. Pamesawazishwa, na majani yameanza kuota kwenye alama za magurudumu. Nilihesabu hatua kutoka kigingini, nikasimama mahali pa ngazi, nikasema, "Hapa ndipo palipokuwa mlango." Sauti haikutetemeka. Mtaalamu alichimba kidogo kwa ncha ya kiatu, akapata kipande cha chokaa. Akakigeuza, akasema, "Inaweza kuwa ya zamani. Inaweza kuwa ya kambi ya wajenzi." Akakitupa.

Kisha akakaa kwenye mlango wa gari na kufungua daftari.

"Kampuni inasema lilikuwa lundo la mawe."

"Zilikuwa kuta, bwana. Mbili zilikuwa ndefu kunipita."

"Nakuamini kwamba uliona kitu. Lakini mwanangu, mtoto akiwa porini peke yake, hata kichuguu kinaweza kuwa jumba. Nikiandika palikuwa na kuta, nitaulizwa nani kasema." Akafunua barua yangu na kuweka kidole kwenye mstari. "Hapa umeandika ulikuwa na mtu mzima mmoja. Ni nani? Nikipata mtu mzima mmoja tu aliyeona, mahali hapa pataingia kwenye orodha. Hapatajengwa tena, lakini patakuwa na jina kwenye kitabu kwamba palikuwepo. Na kampuni italazimika kujieleza."

Barua yako ilikuwa mfukoni mwa sketi yangu. Nilikuja nayo makusudi. Njia nzima nilikuwa nimeishika, na kwa jasho ilikuwa imelowa kama kitambaa. Mwalimu wa Historia alikuwa ananitazama, Mjomba, kama mtu anayefikiri kwamba namjua mtu huyo na nitamtaja tu.

Nilikumbuka mkeka. Nilikumbuka ulivyokuwa unaukunja gizani ukidhani nimelala.

Nikasema, "Hapakuwa na mtu mzima. Niliandika hivyo ili mniamini."

Mtaalamu akaondoa kidole kwenye barua. Hakukasirika, na hilo ndilo lililonishinda. Akakata mstari ule kwa kalamu yake, taratibu, kisha akaandika neno moja kwenye daftari. Niliweza kulisoma hata likiwa kichwa chini: "Hayakuthibitishwa."

Njia nzima ya kurudi mwalimu wa Historia alitazama dirishani. Amenirudishia mchoro wangu wa vyumba saba. Alikuwa ameubandika kwenye ubao wa darasa tangu Februari. Sidhani kama ataniamini tena nikimwambia nimeona jambo, na sina la kumwambia.

Barua yako nimeirudisha kwenye sanduku langu, chini ya nguo. Sijampa mtu na sitampa. Wewe endelea na kazi. Mwisho wa mwaka ukipata likizo uje nyumbani, Bibi anataka akuone kwa jicho jipya. Hatutazungumza habari hii, kama hutaki.

Tulipofika shuleni, mtaalamu aliteremka akanipa mkono kama mtu mkubwa. Akasema barua yangu ilikuwa miongoni mwa barua nzuri alizowahi kupokea ofisini, na kwamba siku nyingine nikiona kitu kama kile, nisiongeze neno na nisipunguze, niandike kila ninachokijua.

Nikamwitikia, "Ndiyo, bwana."

Mpwa wako.